KIPIMO CHA MTU WA HATARI

Juma hili tuchukue swali moja la zamani ambalo halijachakaa. Mtu amefanya kosa la kutisha. Amekamatwa, amehukumiwa, amekaa ndani miaka yake. Sasa mlango wa gereza unakaribia kufunguliwa. Je, tukimwachia atadhuru tena?

Swali hili hujiuliza hakimu, bwana jela, daktari wa magonjwa ya akili, mjumbe wa nyumba kumi, na mama mzazi wa marehemu. Huko ng'ambo limekuwa taaluma kamili. Wapo wanasaikolojia ambao kazi yao ya kila siku ni kukaa na wauaji na wabakaji, kuwahoji, kusoma majalada yao, kisha kuandika kwamba huyu hatari yake ni kubwa, huyu ya kati, na huyu ndogo. Sisi hatujawa na mazoea ya namba hizo. Lakini tusijidanganye tukadhani kwamba hapa kwetu hakuna aliyepata kumpima mtu wa hatari. Watu wamepimwa sana, tena kwa karibu karne nzima. Ninachotaka kuonyesha jioni hii ni kwamba mara nyingi kipimo kilichotumika hakikupima hatari ya yule aliyepimwa. Kilipima hofu ya yule aliyeshika kipimo.

Tuanze na sheria. Mwaka 1843 huko London, mtu mmoja aitwaye Daniel M'Naghten alimpiga risasi na kumuua Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel. M'Naghten aliamini kwamba watu wa chama tawala walikuwa wanamwandama. Mahakama ikamwona hana hatia kwa sababu ya wazimu. Malkia Victoria hakufurahi hata kidogo, na Bunge la Makabaila likawaita majaji waeleze sheria inasema nini hasa. Majibu ya majaji wale yakapanda meli, yakaenea kila palipokuwa na bendera ya Mwingereza. Kwetu Tanganyika yaliingia katika Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, na yamo humo hadi leo katika vifungu vya 12 na 13. Kila mtu huhesabiwa kuwa ana akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Naye hana hatia ikiwa, kwa sababu ya ugonjwa wa akili, hakuweza kuelewa anachokifanya au kujua kwamba hapaswi kukifanya.

Sasa angalia jambo moja ambalo mawakili wenyewe hulisahau. Swali la M'Naghten ni la nyuma. Linauliza juu ya saa ile, siku ile, panga lilipoinuliwa. Halisemi neno juu ya kesho. Mtu anaweza kuwa alikuwa na akili timamu siku ya kosa na akabaki hatari maisha yake yote. Mwingine anaweza kuwa alikuwa mgonjwa kabisa siku ile, akatibiwa, na asimdhuru hata kuku tena. Maswali hayo mawili hayana undugu, lakini katika historia yetu yamefungwa kamba moja kama mbuzi wa mnadani.

Kwa upande wa kesho, serikali ya kikoloni haikusubiri wanasaikolojia. Mwaka 1928 ilitunga Sheria ya Uchawi. Wengi tunaijua kama sheria ya kuwaadhibu wachawi, lakini ndani yake mlikuwa na kifungu cha ajabu zaidi. Bwana Shauri alipopata taarifa kwamba mtu fulani anashukiwa uchawi, aliweza kufanya uchunguzi wake mwenyewe, kisha akamwamuru mtu huyo ahame na kukaa mahali atakapoonyeshwa. Haikuwa lazima kuthibitisha kwamba amemdhuru Fulani bin Fulani. Ilitosha Bwana Shauri aridhike kwamba mtu yule anasababisha, au yaelekea atasababisha, hofu, usumbufu au madhara. Sikiliza mpangilio huo: hofu ndiyo iliyotangulia! Kwa lugha ya wataalamu wa leo, hicho kilikuwa kipimo cha hatari ya baadaye, na aliyekipima alikuwa kijana wa Kiingereza aliyetoka chuoni, mwenye mkalimani mmoja na meza ya kukunja. Alichokisikia ni uvumi wa kijiji. Ajuza aliyekosa watoto wa kumtetea, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko, alikuwa na nafasi kubwa ya kuhamishwa kuliko tajiri mkorofi mwenye wapwa kumi.

Wenyeji nao walikuwa na njia zao, na hapo sitaki kupita haraka. Kusini mwa mkoa huuhuu wa Morogoro, katika nchi ya Ulanga, ilijengeka desturi ya kunyoa. Nusu ya pili ya karne iliyopita kituo chake mashuhuri kilikuwa kwa Bibi Kalembwana, huko Ihowanja. Mtu aliyeshukiwa alipelekwa akanyolewa nywele, akapewa dawa, na tangu hapo ikahesabiwa kwamba nguvu zake za kudhuru zimekwisha. Mara nyingi hakwenda peke yake. Yule aliyemshuku, na hata jamaa zao, walinyolewa pamoja naye, kisha wote wakarudi nyumbani na vipara vyao. Mimi si mtetezi wa waganga, na wapo watu walioumizwa na kudhalilishwa kwa kulazimishwa kwenda huko. Ila nastaajabia akili iliyokuwa ndani yake. Mnyoaji hakulazimika kujibu swali gumu kwamba nani hasa ni hatari. Aliishughulikia hofu yenyewe, ile iliyokaa kati ya nyumba na nyumba, na mtu akarejea kijijini akiwa hai. Ukilinganisha na yale yanayowapata vikongwe katika baadhi ya mikoa yetu mingine, si jambo dogo.

Turudi kwa serikali. Jela za Tanganyika za miaka ile zilijaa watu wa kila namna, wakiwamo wengi ambao kosa lao lilikuwa kushindwa kulipa kodi. Alikuwamo mwizi mzoefu wa bandarini. Alikuwamo pia mkulima aliyempiga shemeji yake rungu kwenye ngoma ya pombe na kumuua, kisha akakaa palepale akilia mpaka akida alipofika. Kisheria huyu wa pili ana kosa kubwa zaidi. Lakini askari jela yeyote aliyekaa nao miezi 6 angekwambia ni yupi kati yao unayeweza kumpa jembe na kumwacha shambani bila mlinzi.

Hapo ndipo Morogoro inapoingia katika historia hii. Ukitoka mjini kuelekea Dar es Salaam, milima ya Uluguru ikiwa mkono wako wa kulia, hufiki mbali kabla hujaona kibao cha Kingolwira. Katika miaka ya 1930 lilianzishwa hapo gereza la shamba. Halikuwa boma la mawe kama yale waliyoyaacha Wajerumani. Lilikuwa gereza la wazi, na waliopelekwa huko walikuwa wafungwa waliochaguliwa, hasa wale wa kosa la kwanza. Walilima, walifuga, walijifunza kazi. Kilichowazuia wasitoroke hakikuwa ukuta. Ilikuwa ni hesabu ya mfungwa mwenyewe kwamba kutoroka kutampotezea zaidi ya kubaki.

Mawazo ya aina hiyo yalikuwa yanavuma Uingereza wakati ule. Alexander Paterson, mkuu mmoja wa magereza ya huko, alifundisha kwamba mtu akishapelekwa gerezani, kule kunyimwa uhuru ndiyo adhabu yenyewe, wala haifai kumwongezea nyingine akiwa ndani. Mwaka 1939 Paterson huyo alizunguka akikagua magereza ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar na kuandika ripoti yake. Sitaki tumpambe Mkoloni. Gereza la shamba lilikuwa pia njia rahisi ya kupata chakula na nguvu kazi, na katika jela nyingine za nchi hiihii kiboko kiliendelea kulia. Hata hivyo Kingolwira ilikuwa na jambo ambalo vipimo vingi vya kitaalamu havina: mtu alipimwa kwa kutazamwa. Alipewa nafasi ndogo ya kuaminiwa, ikaonekana anaifanyia nini. Asubuhi alitoka na ng'ombe, jioni alirudi nao au hakurudi nao. Akirudi siku 300 mfululizo, hilo ni jibu ambalo hakuna karatasi ya maswali iwezayo kulitoa. Eneo hilo limebaki kuwa nchi ya magereza hata baada ya Uhuru, na mkoani kuna pia gereza la vijana la Wami.

Wakati Kingolwira inalima, huko Nairobi walikuwa wanapima kwa njia nyingine. Mwaka 1938 hospitali ya vichaa ya Mathari ilikabidhiwa kwa Dakta J. C. Carothers, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, ambaye alipoanza kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alihudumia pia gereza la Nairobi. Kwa maneno mengine, Waafrika aliowaona kwa miaka zaidi ya kumi walikuwa hasa wagonjwa na wafungwa. Ni kama mtu akae miaka kumi kwenye karakana ya mabasi mabovu, kisha aandike kitabu kwamba mabasi ya Afrika Mashariki hayatembei.

Naye kitabu aliandika. Mwaka 1951 alichapisha makala akimlinganisha Mwafrika mzima wa akili na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Mwaka 1954, hali ya hatari ikiwa imetangazwa Kenya tangu Oktoba 1952, serikali ya huko ikamwita aeleze saikolojia ya Mau Mau. Hakueleza sana habari za ardhi iliyochukuliwa. Alieleza habari za nafsi zilizochanganyikiwa kati ya mila ya zamani na maisha mapya, na viapo vilivyozikamata. Ukishasema hivyo, mambo mengine yanafuata yenyewe. Mtu mwenye madai hujibiwa, lakini mtu mwenye ugonjwa hutibiwa hata kama hataki.

Ikaja kazi ya kuchambua watu. Aprili 1954 maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa jijini Nairobi, wakapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Gunia likitikisa kichwa, umekwisha. Waliokamatwa waligawanywa kwa rangi: weupe, wa kijivu na weusi. Mweupe huenda nyumbani, wa kijivu huenda kambi ya kazi, mweusi hupelekwa mbali. Ili mtu apande kutoka weusi hadi weupe alipaswa kukiri kiapo. Asiyekiri alihesabiwa hatari zaidi, hata kama hakuwa na cha kukiri. Na wale waliokataa mpaka mwisho wakaitwa kiini kigumu. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 85 wa kundi hilo walitolewa kwenda kufanya kazi kwa nguvu. Walipigwa marungu mpaka 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidokeza kwamba vifo hivyo vilitokana na maji waliyokunywa.

Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Algeria, alimtaja Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwaka 1961. Aliwaweka katika kapu moja yeye na madaktari wa Kifaransa wa Algiers waliodai kwamba Mwalgeria huzaliwa muuaji. Fanon alikuwa amewatibu wote wawili, aliyeteswa na mtesaji, kwa hiyo alijua ugonjwa uko upande gani.

Kinachouma ni kwamba utafiti wa maana uliwezekana, tena wakati uleule. Mwaka 1960 Paul Bohannan, Mmarekani, alikusanya katika kitabu kimoja uchunguzi wa mauaji na watu kujiua katika makabila kadhaa ya Uganda, Kenya na Nigeria. Wenzake hawakupima vichwa. Walifungua majalada ya kesi wakauliza: nani alimuua nani, wapi, saa ngapi, walikuwa na uhusiano gani? Wakakuta yale ambayo karani yeyote wa mahakama angewaambia. Wengi waliouana walifahamiana. Ni mume na mke, ndugu na ndugu, majirani, na chungu cha pombe hakikuwa mbali. Tena kabila na kabila zilitofautiana, hivyo ile habari ya akili moja ya Mwafrika ikakosa pa kusimama.

Sasa tupande mlimani. Mwaka uleule mmoja baada ya Carothers kuandika juu ya Mau Mau, Uluguru nako kuliwaka. Tangu mapema miaka ya 1950 serikali ilikuwa na mpango wa kuokoa ardhi ya milima hiyo. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kazi ilikuwa ngumu, udongo mzuri wa juu ni mwembamba, na ukichimba ngazi unaufukia na kuufunua ule usiozaa. Ardhi ni ya ukoo, tena ukoo wa upande wa mama, na amri ilitoka kwa watu wasioujua ukoo huo. Wakaidi walitozwa faini. Mwaka 1955 wananchi walikusanyika kwa hasira, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mpango wa matuta ukafa baada ya hapo.

Jiulize: kwa nini hakuna aliyeandika saikolojia ya Waluguru? Maneno yaleyale yalikuwapo mezani. Wapo maofisa walionung'unika kwamba watu wa mlimani ni wapole ila wamechochewa na wanasiasa wa mjini. Lakini badala ya daktari wa vichaa, waliokuja kuchunguza walikuwa Roland Young, mwalimu wa siasa kutoka Marekani, na Henry Fosbrooke, mtaalamu wa jamii aliyeitumikia serikali ya Tanganyika kwa muda mrefu. Kitabu chao kilitoka mwaka 1960. Walizungumza na watu juu ya ardhi, ukoo, machifu na matuta. Walichoona ni mgogoro wa utawala na mashamba, wala si ugonjwa wa akili. Tofauti kati ya Nyeri na Matombo haikuwa katika vichwa vya wakulima. Kenya walikuwapo masetla wenye mashamba ya kupoteza, nao walilala na bastola chini ya mto. Uluguru hapakuwa na masetla wa kuogopa kiasi hicho. Hofu ilipokuwa kubwa mkulima alipimwa kichwa, na ilipokuwa ndogo aliulizwa habari za shamba lake.

Tuje katika nyakati zetu. Leo mshtakiwa wa mauaji akionekana huenda hakuwa na akili timamu, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inairuhusu mahakama kumpeleka hospitalini achunguzwe, na daktari anapaswa kuandika taarifa yake ndani ya siku 42. Kwa wengi mahali penyewe ni Isanga, Dodoma, jirani na Mirembe, hospitali iliyoanza mwaka 1927. Taarifa hiyo si hukumu. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ilikumbusha kwamba jaji hafungwi na maoni ya mtaalamu ikiwa ana sababu nzuri za kuyakataa. Ni sawa kabisa. Lakini mahakama ikishasema kwamba alitenda ila kwa wazimu, mtu yule haendi nyumbani. Anawekwa mahali pa ulinzi, na siku ya kutoka haijaandikwa popote. Muuaji mwenye akili timamu aliyefungwa miaka 10 huhesabu siku zake ukutani kwa mkaa. Huyu, ambaye sheria yenyewe inasema hana hatia, hana cha kuhesabu. Kenya walikuwa na utaratibu wa kumweka mtu wa namna hiyo kwa radhi ya Rais, hadi mwaka 2016 jaji wa Mahakama Kuu aliposema kwamba kumfungia mtu bila kikomo kwa uamuzi wa mwanasiasa kunavunja Katiba.

Nitaulizwa: wewe mtangazaji, utamlaza nyumbani kwako? Swali la haki. Wapo watu wa hatari kwelikweli, na kaka wa marehemu hana wajibu wa kufurahia nadharia zangu. Lakini tazama yaliyotokea New York. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Johnnie Baxstrom, iliamua kwamba mgonjwa aliyemaliza kifungo chake asiendelee kushikiliwa katika hospitali ya wahalifu bila kusikilizwa kama raia wengine. Zaidi ya watu 960, wote wakiwa wamehukumiwa na madaktari kuwa ni hatari mno, wakahamishiwa hospitali za kawaida. Watu wakashika roho mkononi. Watafiti wakawafuatilia kwa miaka 4. Waliorudishwa katika hospitali zile za ulinzi mkali hawakufika 3 katika kila 100. Madaktari wale hawakuwa wajinga wala wabaya. Walijua tu kwamba daktari akimwachia mtu akaua, jina lake litatoka gazetini, ila akimfungia mtu ambaye asingemdhuru yeyote, hakuna gazeti litakaloandika.

Baada ya aibu hiyo ndipo vipimo vya namba vilipopata nguvu. Kinachojulikana zaidi ni cha Robert Hare wa Kanada, aliyeanza kazi na wafungwa wa British Columbia katika miaka ya 1960. Kina vipengele 20, kila kimoja kikipewa 0, 1 au 2, hivyo jumla ya juu ni 40. Kinahitaji mpimaji aliyefunzwa, mahojiano marefu na jalada lililokamilika. Ni kazi ya uangalifu mkubwa kuliko ule wa Carothers, nami nakubali. Ila hata chenyewe kinabadilika kikivuka bahari. Amerika ya Kaskazini mstari wa kumwita mtu mgonjwa wa aina hiyo huchorwa kwenye alama 30, na Ulaya wengi huuchora kwenye 25. Je, ukiufikisha Morogoro utauchora wapi? Moja ya vipengele vile ni kuishi kwa kuwategemea wengine. Kijana wa Kiluguru wa miaka 30 anayelima shamba la mjomba wake na kula chungu kimoja naye yuko mahali pake kabisa, maana ardhi hupita kwa mjomba. Kipengele kingine ni kuoa na kuachana mara nyingi. Kingine ni kukosa mipango ya muda mrefu, naye mpimaji anamwuliza kibarua wa mkonge ambaye hajui kama Jumatatu atapata kazi. Alama zinaongezeka, na mtu wa watu hajafanya lolote.

Mjini nako tuna kipimo chetu, cha kasi kuliko vyote. Mtu anapiga kelele ya mwizi, wananchi wenye hasira kali wanakusanyika, na katika dakika 10 mtuhumiwa amechunguzwa, amehukumiwa na amevikwa tairi. Hakuna aliyeuliza kosa la kwanza au la kumi. Nawaambia wakazi wa Dar es Salaam na Morogoro bila kuwaficha: gunia la Nairobi la mwaka 1954 angalau lilikuwa na matundu ya kuonea.

Lipo jambo dogo ambalo lingeweza kufanyika bila mashine wala msaada wa wafadhili. Kutoka Morogoro hadi Dodoma ni kama kilomita 260. Mtuhumiwa wa Matombo au Mgeta hupelekwa huko chini ya ulinzi, na daktari anakaa naye chumbani akiwa na jalada la polisi. Jalada linasema alichofanya siku ile moja. Halisemi kwamba kila mwaka mvua za masika zikianza mtu huyu hukosa usingizi na kuongea peke yake, na kwamba mama yake huficha panga darini hadi apoe. Mama anajua. Mwalimu wa shule anajua, na mganga wa zahanati anajua pia. Nauli ya mama ya kwenda na kurudi, pamoja na siku mbili za kulala Dodoma, haipo katika bajeti ya mtu yeyote, na katika zile siku 42 hakuna anayemtumia ujumbe kwamba anatakiwa.